Kabureta ya pikipiki ya zamani: ya kijiweni na yaliyo kweli

Iwe Honda CG125 ya miaka ya 1970, Yamaha DT, au BSA ya mzee ambayo bado ina kabureta yake ya Amal, ikianza kumisi kijiwe kizima kinakupa jibu moja: kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Hujazima hata injini, mtu ameshashika bisibisi. Ukizunguka kwa mafundi wa hapa Mwanza, toka Mabatini, Igoma hadi Buzuruga, utapata ushauri mwingi, mwingine mzuri, mwingine umerithiwa tu toka fundi hadi fundi bila mtu kuupima. Nachambua hapa ile inayogharimu watu zaidi.

"Haina silensa, kabureta imekufa"

Silensa ni ule mngurumo wa chini bila kukamua resi, na ikikosekana, mara nyingi kabureta haina kosa. Valvu iliyobana, plagi iliyochoka, pointi (za kukata umeme wa plagi) zilizoungua au chujio la hewa lililoziba, vyote vinaleta dalili zilezile. Kabureta hutoa mafuta kwa kufuata hewa inayovutwa na injini, kwa hiyo injini isiyovuta sawasawa haitunikiki hata ukiipa kabureta ya dhahabu. Anza na valvu, nenda kwenye moto wa plagi, kisha chujio, kisha uangalie kama kuna hewa inayoingia kwa wizi.

Hiyo hewa ya wizi hupenda kupitia mpira unaounganisha kabureta na injini. Pikipiki ya miaka 40 mpira wake umekuwa mgumu, na ufa hauonekani hadi uukunje. Acha injini kwenye silensa, chukua chupa ya kunyunyizia, weka maji yenye sabuni kidogo, nyunyiza kwenye maungio. Mngurumo ukibadilika, umeshapata mwizi. Wapo wanaonyunyiza petroli. Usithubutu, ekzosi ya moto iko jirani.

"Skrubu ya pembeni ukiifungua, mafuta yanaongezeka"

Inategemea imekaa upande gani. Ikiwa upande wa chujio, nyuma ya slaidi (mlango wa kabureta unaopandishwa na waya wa resi), hiyo ni skrubu ya hewa: ukiifunga mafuta yanazidi, ukiifungua yanapungua. Amal Concentric na Mikuni nyingi za VM ziko hivi. Ikiwa mbele, upande wa injini, kwa kawaida ni skrubu ya mafuta na kila kitu kinageuka. Fundi aliyejifunzia aina moja akikutana na nyingine anazungusha kinyume asubuhi nzima, kisha anakuuzia kabureta mpya.

Pia skrubu hiyo kazi yake inaishia chini kabisa, kwenye silensa na robo ya kwanza ya resi. Kati ya robo na robo tatu anayetawala zaidi ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi, na ukikamua yote ni jeti kubwa, yaani kitundu kikuu kinachopima mafuta. Kama pikipiki inakohoa ukiwa na resi kamili mlimani Bugando, skrubu ya pembeni haihusiki hata kidogo. Njia ya kuirekebisha vizuri ni hii: injini ipate moto, zungusha robo mzunguko, subiri injini itulie, robo nyingine, mpaka upate pale inapozunguka kwa kasi zaidi, kisha shusha silensa kwa skrubu yake.

"Jeti namba 100 ni 100 tu"

Hapana. Namba ya Keihin inafuata kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, wakati jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita, na za Amal, zinahesabiwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita. Namba zinafanana sura, vipimo ni tofauti. Na kwenye kabureta za kopi, namba iliyogongwa wakati mwingine ni pambo tu. Sisemi kopi zote ni mbovu, zipo zinazofanya kazi kwa miaka. Ila kabla ya kutupa ya zamani, ziweke mezani pamoja: linganisha kipenyo cha koo, urefu wa sindano na ilivyochongoka, mkato wa chini ya slaidi, na kimo cha boya linalodhibiti mafuta ndani ya bakuli la kabureta. Boya ndilo linalosahaulika kabisa. Likikaa juu sana au chini sana, kipimo cha mafuta kinaharibika kuanzia silensa hadi resi kamili, na hakuna jeti itakayokuokoa.

"Kabureta mbili zikifungwa mizunguko sawa, zimelingana"

Hapa ndipo wenye pikipiki za silinda mbili, ambazo kila silinda ina kabureta yake na slaidi inayovutwa na waya wa resi, wanapoteza pesa. Skrubu kuwa na mizunguko sawa hakumaanishi hewa inayopita ni sawa. Slaidi moja imelika zaidi ya mwenzake, silinda moja ina kompresheni nzuri kuliko nyingine, waya mmoja wa resi umevutika. Kabureta zisipolingana, silinda moja inabeba mzigo wa zote mbili. Injini inatetemeka kwenye silensa, na plagi moja inakuwa nyeusi wakati nyingine ni safi.

Anza na macho. Toa machujio, weka keekee mbili za ukubwa mmoja, moja chini ya kila slaidi, halafu fungua resi polepole sana. Zote zinatakiwa kulegea na kuanguka pamoja. Ya kushoto ikitangulia, waya wa kushoto umekaza kuliko wa kulia, rekebisha pale juu ya kabureta.

Baada ya hapo ni kupima mvuto wa hewa. Geji za kazi hiyo zina bei, lakini kwa kabureta mbili unaweza kutumia mpira wa levo, ule mweupe wa mafundi uashi. Kata kama mita nne, ukunje kwa umbo la U kwenye ubao uliosimama, mimina oili ya injini sehemu ya chini, kisha unganisha ncha mbili kwenye vitundu vya mvuto vilivyo kati ya kabureta na injini. Pikipiki nyingi zenye vitundu hivyo zimeviziba kwa skrubu ndogo. Washa. Oili itapanda upande unaovuta zaidi, na upande unaovuta zaidi ndio ambao slaidi yake imefunga zaidi. Ifungue kidogo, au funga ya pili, mpaka oili isimame usawa mmoja. Ikirukaruka, bana mpira kidogo karibu na injini. Tumia oili, usitumie maji, kwa sababu ncha moja ikichomoka injini itakunywa kilichomo. Oili ni moshi wa dakika chache. Maji ndani ya silinda ni balaa.

Ukimaliza kwenye silensa, pandisha resi kidogo na uangalie tena. Ikitulia chini na kuchafuka juu, tatizo ni waya, rudi kwenye keekee.

"Mwanza ni ufukweni, hesabu ni za Dar"

Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Pikipiki iliyotuniwa Kariakoo ikifika Kirumba inakuwa na mafuta mengi kidogo, na inapungua nguvu. Lakini usikurupuke. Tofauti hiyo kwa kawaida ni ya kushusha jeti kubwa hatua moja, na wengi hawaioni kabisa. Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudishwi na jeti yoyote. Na ukishashusha, kumbuka siku unarudi pwani, maana kule itakuwa na mafuta kidogo, na injini itachemka.

Kuchemka huko kunawahusu pia wanaopunguza mafuta makusudi "kuokoa". Pikipiki iliyobeba magunia ya dagaa toka Mwaloni kupanda kilima, ikiwa na mafuta pungufu, inaunguza pistoni. Ya tustroki inayochanganyiwa oili kwenye tangi ni mbaya zaidi, kwa sababu ukipunguza petroli umepunguza na ulainishaji.

Kusoma rangi ya plagi baada ya pikipiki kusimama ikinguruma kijiweni hakuna maana. Iendeshe kwa resi unayotaka kupima, zima ghafla ukiwa umekaza klachi, simama pembeni, ndipo ufungue. Vitabu vya zamani vinasema itafute kahawia, lakini viliandikwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachwa kufikia mwanzoni mwa 2006. Siku hizi plagi ya injini nzima huwa nyeupe-kijivu, usishtuke.

Moshi mweusi ni mafuta kuzidi, wa bluu ni oili, na wa bluu hautibiwi na kabureta. Kuchokonoa jeti kwa waya wa chuma, acha. Unalipanua tundu bila kujua, na hakuna wa kukwambia limefika ngapi. Loweka kwenye petroli, puliza kwa kompresa ya mtu wa pancha. Likiwa limeshachokonolewa, nunua jingine.