Je, wajua kwa nini mashine ya boti hutulia vizuri gatini, ikikazwa inazima?

Wavuvi wa Wesha na Mkokotoni wanaijua hali hii. Mashine inawaka kwa mvuto wa kwanza, inatulia sailensa, yaani mwendo wa chini bila kukazwa, bila tatizo, lakini boti ikishatoka nje na nahodha akaikaza kuongeza mwendo, inakohoa, inapungua mwendo, pengine inazima kabisa. Lawama hupewa petroli. Mara nyingi petroli ni nzima. Kilichovurugika ni kipimo chake na hewa.

Ndani ya silinda hauwaki umajimaji wa petroli bali mvuke wake uliochanganyika na hewa, tena hewa nyingi mno: kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa ujazo, lita 1 inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa.

Anayepima ni kabureta. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba huongeza kasi, shinikizo hushuka, na petroli hufyonzwa kupitia vitundu vidogo, yaani jeti. Jeti haziko moja, na jibu letu limo humo. Mashine ikiwa sailensa hutumia jeti ndogo. Ikikazwa hutegemea jeti kuu. Petroli iliyolala muda mrefu huacha utando, madumu nayo huleta uchafu wake, jeti kuu ikaziba nusu. Ikiziba ile ndogo, mambo hugeuka: mashine haikai sailensa, lakini ukiikaza inakwenda.

Upungufu huo wa petroli si wa kuvumilia mpaka mrudi pwani. Mchanganyiko wenye petroli kidogo huipandisha joto mashine, na kwa zile za kuchanganya oili hatari ni mara mbili, kwa sababu oili huingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, ulainisho nao unapungua, pistoni inakwama.

Wapo wanaozidisha oili kwa kudhani wanaikinga mashine. Oili ya ziada huchukua nafasi ya petroli kwenye jeti ileile, na plagi inachafuka. Mashine nyingi za sasa za aina hiyo hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Za zamani hutaka zaidi, basi fuata kitabu chake.

Plagi itakueleza mengi. Rangi ya kahawia ni salama, nyeupe ni petroli pungufu, nyeusi yenye masizi ni petroli iliyozidi.

Kabla ya kufungua kabureta, tazama tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likifungwa, tangi halipumui na petroli haiji. Kisha, mashine ikianza kufifia, minya mpira wa kupampu kwa mkono, ulio kwenye njia ya petroli. Ikipata nguvu tena, kasoro iko kwenye tangi, mpira wa mafuta au pampu. Isipobadilika, mshuku jeti kuu.