Duara la mawe ni nini?

Ukisikia habari za duara la mawe huko Ayalandi, usifikirie ukuta wala msingi wa nyumba. Ni mawe makubwa yaliyosimikwa moja moja, yameachana, yakizunguka uwanja mtupu. Paa halikuwepo, na hata mbuzi anapita katikati yake bila kujikwaruza. Kwa hiyo si boma.

La Drombeg, kaunti ya Cork, linaeleweka upesi. Liko kwenye malisho yanayotazama bahari, kusini-magharibi mwa nchi. Mawe yalikuwa 17, yamebaki 13, na kutoka ukingo hadi ukingo hayafiki mita 10. Picha hulikuza mno. Cha kutazama ni mpangilio. Kaskazini-mashariki kuna mawe mawili marefu, yamesimama kama miimo ya mlango. Mkabala nayo, kusini-magharibi, jiwe moja pana limelazwa, na juu yake kuna vishimo viwili vilivyochongwa, kimoja kikiwa kimezungushiwa mstari. Ukisimama mlangoni jioni ile ya Desemba yenye mchana mfupi kuliko zote, ukalitazama jiwe lililolala, jua linazama upande huo huo, kwenye pengo la vilima. Kumbe duara hili lina mbele na nyuma, kama msikiti ulivyo na kibla.

Mwaka 1957 mwanaakiolojia Edward Fahy alianza kupachimba. Katikati alikuta chungu kilichovunjwa kwa makusudi, na ndani yake mifupa iliyochomwa ya kijana. Mabaki hayo yamekadiriwa kuwa ya kati ya mwaka 1100 na 800 kabla ya Kristo. Wenyeji hupaita Madhabahu ya Druidi, yaani ya makuhani wa Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi. Jina tamu, ila waandishi wa Kirumi wanaowataja makuhani hao walikuja mamia ya miaka baadaye.

Hatua chache kutoka hapo kuna mabaki ya vibanda na birika lililochimbwa ardhini. Mawe yalipashwa motoni kisha yakatumbukizwa majini. Fahy na wenzake walijaribu wenyewe: maji yalichukua dakika 18 tu kuanza kuchemka. Yalikuwa maji ya kupikia nyama, ya kuogea, au vyote viwili, wataalamu bado wanabishana.

Usilichanganye duara na kaburi la Newgrange, huko huko Ayalandi, ambalo ni la kale zaidi, la yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, na limefunikwa kwa kilima kizima cha udongo na mawe. Wala si "rath". Hiyo ni tuta la udongo lililozunguka nyumba ya mkulima, na nyingi zilijengwa baada ya mwaka 500 wa zama zetu. Lakini ndiyo inayoogopwa zaidi: husemwa ina wenyewe, viumbe wasioonekana, mfano wa jini, na wapo wakulima ambao mpaka leo trekta lao likifika hapo linazunguka.