Fundi Hodari, Mdomo Mrefu: Meneja Afanyeje?

Katika mafunzo ya wasimamizi wa kazi, kuna swali ambalo haliulizwi darasani. Muulizaji husubiri mapumziko ya chai, akanivuta pembeni. "Mwalimu, nina mtu mmoja pale kazini. Kazi anaijua kuliko sisi wote, lakini analalamika kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nimfukuze au nimvumilie?"

Meneja mmoja wa kampuni ya mabasi ya mikoani alinieleza habari za fundi wake mkuu. Fundi huyo akisikiliza injini ikiunguruma tu, anakutajia nozeli iliyochoka kabla hajashika spana. Basi likizima njiani usiku, ndiye anayepigiwa simu. Lakini yadi nzima imechoshwa naye: spea ni feki, madereva hawasemi gari lina tatizo gani, posho ya usiku inachelewa, mhasibu ana dharau. Wasaidizi wake nao wakaanza kuongea kama yeye, na wawili wakaacha kazi.

Nilimwomba meneja kitu kimoja: kwa wiki mbili aandike kila lalamiko la fundi yule kama lilivyotamkwa, bila kulijibu wala kulipamba. Aliporudi tulipitia daftari pamoja. Zaidi ya nusu ya malalamiko yalikuwa ya kweli, na mengine yalikuwa na umri wa zaidi ya mwaka. Spea kweli zilinunuliwa kwa kuangalia bei peke yake, na gasketi zilizofungwa mwezi huu zilifunguliwa mwezi uliofuata. Mtu anayeijua kazi huona kasoro mapema, na humuuma kuliko anayesubiri mshahara tu. Akisema mara tatu bila kujibiwa, mara ya nne hasemi nawe tena. Anasema na wasaidizi, na dereva, na mama lishe wa getini.

Kwa hiyo ushauri wangu huanza na lalamiko, mlalamikaji baadaye. Lipe jibu. Jibu ni ndiyo, au hapana pamoja na sababu yake, au bado pamoja na tarehe. "Suala lako tunalifanyia kazi" si jibu, na wafanyakazi wote wa nchi hii wanajua maana yake. Hata hapana iliyonyooka humtuliza mtu kuliko ahadi isiyo na siku. Kama lalamiko linahusu fedha anayodai kihalali, hapo hakuna cha kusimamia tabia. Mlipe.

Baada ya hapo ndipo unapata uso wa kuzungumzia mwenendo wake. Mwite peke yake, si mbele ya vijana wake, na kwa vyovyote si kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Usimwambie "una tabia mbaya", maana atabisha, na ana haki ya kubisha. Mwambie: "Jumanne ulimwita msaidizi wako mjinga mbele ya dereva, na tangu siku hiyo kijana anaogopa kukuuliza." Tendo, siku, madhara. Kisha nyamaza umsikilize. (Wasimamizi wanaume wajipime hapa. Nimeona mara nyingi maneno yale yale yakitoka kwa mwanamume anasemwa kuwa ana msimamo, yakitoka kwa mwanamke anaambiwa ana gubu.)

Kuandika matukio kuna faida nyingine ambayo waajiri huikumbuka wakishaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kuachisha kazi. Mfanyakazi kudai haki yake ya kisheria si sababu halali, hata akiidai kwa sauti ya kuudhi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinakubali kwamba mtu anaweza kuachishwa kazi kwa kutopatana na wenzake au wateja. Lakini mwajiri anatakiwa awe ameweka kumbukumbu za matukio yaliyoleta usumbufu halisi, amemwonya na kumshauri, na amempa nafasi ya kujieleza na kuondoa chanzo cha mgogoro. "Alikuwa analalamika sana" haitoshi.

Lakini kinachowatesa mameneja wengi, ukiwachimba, ni woga. Wanajua wakimgusa, gereji italala. Ujuzi wote umefungiwa katika kichwa kimoja, na mwenye kichwa anajua. Basi kila kazi ngumu aisimamie akiwa na msaidizi anayeshika spana mwenyewe, na hatua za kazi ziandikwe. Mweleze wazi sababu yake na umlipe kwa kufundisha, la sivyo ataona anachimbiwa kaburi, na kwa mtu wa aina hiyo wasiwasi huo huzaa malalamiko mapya.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni kumpandisha awe msimamizi ili anyamaze. Anatolewa kwenye injini anazozipenda, anakabidhiwa ratiba za zamu na likizo za watu asiowavumilia. Unapoteza fundi na hupati kiongozi. Taasisi nyingi hazina njia nyingine ya kumwongeza mtu mshahara isipokuwa kumpa watu wa kuwaongoza. Tengeneza cheo cha fundi mwandamizi chenye maslahi mazuri na kisicho na watu chini yake. Bodi itauliza maswali, uwe tayari.

Yule meneja wa mabasi alianza na spea. Siku hizi malipo ya muuzaji hayatoki mpaka fundi mkuu azikague na kutia saini kwenye daftari la stoo. Gasketi za kurudiwa zimepungua, na wasaidizi wapya bado wapo. Fundi bado analalamika. Mara ya mwisho nilipopita yadini alinishika mkono akanipeleka stoo, akanionyesha kalamu iliyofungwa kamba kwenye daftari: haiandiki, na alishasema tangu Jumatatu.