Kwa nini maji ya Arumeru yanahitaji maabara ya jirani?

Je, wajua kwamba maji yenye madini ya floraidi ukiyachemsha unayazidishia ubaya? Vijidudu hufa kweli, lakini mvuke hupaa na floraidi hubaki sufuriani, ndani ya maji machache zaidi. Vijiji vingi vya Arumeru, kuzunguka Mlima Meru mkoani Arusha, vina shida hiyo: maji hupita kwenye miamba ya volkano, huibeba floraidi, kisha huibuka kwenye chemchemi yakiwa maangavu kabisa. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi hapo, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia; ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa.

Chujio la dukani halitoshi, kwa sababu visima viwili vya kata moja vinaweza kutofautiana sana. Ndipo faida ya kuwa na chuo cha teknolojia palepale Tengeru inapoonekana. Taasisi ya Nelson Mandela, NM-AIST, ilizinduliwa mwaka 2012, na mhadhiri wake Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, linalorekebishwa kulingana na maji ya mahali husika. Mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, pauni 25,000.

Njia ya zamani zaidi, na rahisi kwa mfuko, ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaonasa floraidi, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi, kisha husagwa na kuchekechwa. Rangi yake ndiyo kipimo cha fundi. Ikiwa kahawia, mafuta hayajaisha na maji yatanuka. Ikiwa nyeupe, moto ulizidi na mkaa hautanasa floraidi vizuri. Unaofaa ni wa kijivu kilichokolea au mweusi.

Upimaji nao una mitego. Sampuli huwekwa kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, na kabla ya kutumbukiza elektrodi, yaani kijiti cha mashine ya kupimia floraidi, huchanganywa nusu kwa nusu na kimiminika cha bafa, kinachoiachanisha floraidi na metali. Ukiiruka hatua hiyo, chuma na alumini vilivyomo hushikana na floraidi, na mashine itasoma namba ndogo kuliko hali halisi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifanya kazi hii, na kwa maoni yetu atajifunza kemia zaidi kuliko kwa kukariri jedwali la elementi.

Miradi mingi hukwama baada ya chujio kufungwa. Mkaa ulioshiba floraidi, usioweza kunasa zaidi, huendelea kutoa maji yaleyale maangavu, bila harufu wala ladha ya kukuonya, huku floraidi ikipita yote. Asipokuwepo mtu wa karibu wa kupima mara kwa mara, familia hunywa kwa miezi ikidhani iko salama.