Vitabu vya Bure Vina Umri: Maktaba ya Kidijiti ya Theolojia Tuliyoijenga Tanga

Swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu karibu kila kitabu kilichomo katika maktaba yetu ni hili: "Mwalimu, kina MB ngapi?" Anayeuliza aghalabu ni katekista au mwinjilisti aliyeshuka mjini kutoka Maramba, Pangani au vijiji vya nyuma ya Muheza, simu yake ni ya kawaida, bando lake ni la wiki, na nafasi iliyobaki ndani ya simu ni finyu kwa sababu video za kwaya zimeijaza. Swali lake ni la haki na huwa ninalijibu. Lakini kabla sijamrushia faili, nami humwuliza langu: "Umetazama kimeandikwa mwaka gani?" Hapo wengi hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonifanya niandike makala hii.

Mimi ni mkutubi. Kwa miaka kadhaa nimesimamia maktaba ndogo ya kidijiti inayowahudumia watumishi wa Kanisa hapa Tanga bila malipo, na jambo lililonidhihirikia kuliko mengine ni kwamba kitabu hakiwi cha bure kwa bahati tu. Kuna sababu iliyokifanya kiwe bure, na sababu hiyo hiyo ndiyo inayoamua msomaji atazisikia sauti za akina nani, na za akina nani hatazisikia kabisa.

Sababu yenyewe ni hakimiliki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 iliilinda kazi ya mwandishi kwa muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza huhesabu miaka 70 baada ya kifo. Na Marekani, ambako seva nyingi za vitabu hivi zimewekwa, kitabu kilichochapishwa kabla ya mwaka 1929 kimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Kwa hiyo mtu anayetafuta theolojia ya bure kwenye intaneti hupelekwa, bila kuambiwa, kwa waandishi waliokufa zamani, na sehemu kubwa ya waandishi hao, au ya wafasiri wao, ni Wazungu wa karne ya 19.

Sina ugomvi na marehemu hao. Padre Jacques-Paul Migne wa Ufaransa alichapisha juzuu 217 za Mababa wa Kilatini na juzuu 161 za Mababa wa Kigiriki, yaani waandishi wa Kanisa la kale, kazi ambayo zamani mtu wa Tanga angeweza kuisikia tu ikitajwa darasani, na leo kurasa zake zinafunguka kwenye simu. Tafsiri za Kiingereza za Mababa hao, zile juzuu 38 zilizokamilika Marekani mwaka 1900, zinapatikana katika maktaba ya mtandaoni ya Christian Classics Ethereal Library, iliyoanzishwa na Harry Plantinga mwaka 1993, wakati wavuti wenyewe ulikuwa bado mchanga. Na Internet Archive, iliyoanza mwaka 1996, ina picha za kurasa za vitabu ambavyo sijawahi kuvishika kwa mkono. Mwanafunzi wetu anapogundua kwamba Tertullian na Cyprian walikuwa watu wa Karthago, Athanasio wa Aleksandria, Augustino wa Hippo, yaani wote ni wa bara hili, hukaa kitini kwa namna nyingine. Akina mama huwa ninawaanzishia masimulizi ya Perpetua, mama kijana aliyeuawa Karthago mwaka 203 akiwa ameacha mtoto mchanga. Ni mafupi, na sehemu yake kubwa huaminika kuwa aliiandika mwenyewe akiwa gerezani.

Hata hivyo, tafsiri hizo za zamani zina mitego yake. Mwanafunzi mmoja alinijia akilalamika kwamba faili la Klementi wa Aleksandria limeharibika, kwa kuwa katikati ya Kiingereza lilikuwa limegeuka likawa lugha asiyoijua. Faili lilikuwa zima. Kitabu cha tatu cha Stromata, kazi yake Klementi, kinazungumzia ndoa na mwili waziwazi, na wafasiri wa enzi za Malkia Victoria waliona haya kukitia katika Kiingereza, wakakiweka kwa Kilatini ili wasome wasomi peke yao. Nilipomweleza alicheka sana, kisha akaniuliza swali zito zaidi: ni mambo gani mengine ambayo watu hawa waliamua tusiyasome?

Kwa vitabu vya ufafanuzi wa Biblia hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa haionekani. Tuchukue kitabu cha ufafanuzi wa Agano Jipya cha mwaka 1880, kilichoandikwa na profesa mcha Mungu na msomi wa kweli. Mwaka 1896, wataalamu wawili Waingereza, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri, wakatoa mafunjo, yaani maandishi ya kale yaliyoandikwa juu ya karatasi za matete, kwa maelfu: barua za watu kwa jamaa zao, mikataba, stakabadhi za kodi. Kabla ya hapo wapo wataalamu walioona Kigiriki cha Agano Jipya kuwa lugha ya pekee, kana kwamba Roho Mtakatifu alijitungia yake; mafunjo yale yalionyesha kwamba Paulo aliandika kwa Kigiriki cha watu wa kawaida, lugha iliyotumika sokoni na bandarini, kama Kiswahili kinavyotumika hapa kwetu. Profesa wetu wa 1880 hakuyajua hayo na hatuwezi kumlaumu, ila mhubiri anayemnukuu leo kama neno la mwisho anapaswa kulaumiwa kidogo.

Kwa Agano la Kale mpaka wenyewe ni mwaka 1947, magombo ya Bahari ya Chumvi yalipoanza kupatikana huko Qumran. Kabla ya hapo, hati nzima ya Kiebrania ya Agano la Kale iliyotegemewa zaidi na wataalamu ilikuwa imenakiliwa mwaka 1008; gombo la Isaya la Qumran limeitangulia kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika Kumbukumbu la Torati 32:8, Biblia yetu ya Union ina "wana wa Israeli", ilhali kipande cha Qumran kina "wana wa Mungu", jambo linalokaribiana na "malaika wa Mungu" wa Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale. Mwandishi wa 1890 aliijua Septuaginta lakini hakukijua kipande hicho, kwa hiyo hoja yake inasimama kwa mguu mmoja.

Baada ya kuyaona hayo tulianza kubandika mbele ya kila faili ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao tunauandika wenyewe. Unataja mwaka wa kuandikwa, mwaka wa tafsiri, jina la mfasiri, dhehebu la mwandishi, na sentensi mbili tatu kuhusu kilichogunduliwa au kilichobishaniwa baada yake. Ni kazi ya polepole, na kwa faili nyingi bado hatujaifikia. Tumeweka pia onyo kuhusu programu za kutafsiri, kwa kuwa wengi hubandika Kiingereza humo na kupokea Kiswahili chochote kinachotoka. Nimeona fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani likitoka kama "uhalalishaji kwa imani", na mtu akaenda nalo mpaka mimbarini.

Nusu inayokosekana inaniuma zaidi. Wanatheolojia wa Afrika waliotuacha juzi juzi hawamo: John Mbiti wa Kenya alifariki mwaka 2019, Charles Nyamiti mwaka 2020, Laurenti Magesa mwaka 2022. Hao wawili wa mwisho ni Watanzania wenzetu, mapadre waliotumia maisha yao wakiuliza Kristo ni nani kwa Mwafrika mwenye wahenga, na vitabu vyao vitabaki ndani ya ulinzi wa sheria kwa miongo mingi ijayo. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Makorora anaweza kupakua bure mahubiri ya mchungaji wa Scotland aliyekufa zamani, lakini akitaka kumsoma Magesa, ambaye angemwelewa bila mkalimani, hana budi kununua.

Nakiri kwamba mwanzoni nilijaribu kuliziba pengo hilo kwa njia mbaya. Mtu alituletea flashi iliyojaa vitabu vipya vya theolojia. Sikuuliza vimetoka wapi, nikavipandisha vyote kwa usiku mmoja. Baada ya wiki chache akaja mchungaji mstaafu, mzee wa makamo ya baba yangu, akaketi, akaomba nimwonyeshe maktaba hiyo anayoisikia. Niliifungua kwa fahari. Akapekua kwa kidole, akasimama kwenye jalada moja, akasema kwa upole: "Mwanangu, hiki ndicho ninachokiuza mlangoni baada ya ibada." Nilimwomba radhi, nikaliondoa faili lake mbele ya macho yake, na usiku ule nikafuta flashi nzima. Wanafunzi walininunia kwa muda. Mzee yule, kwa hiari yake, alituandikia baadaye barua ya kuturuhusu kuweka kitabu chake cha kwanza, kilichokwisha kuadimika madukani, na barua yake ndiyo kielelezo tunachowapelekea waandishi wengine hadi leo.

Pwani hii ina hazina nyingine ambayo haihitaji kununuliwa, bali kuokolewa. Askofu Mwanglikana Edward Steere alikuwa na mashine ya kuchapia Zanzibar, ambako vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi; Kiungani, huko huko Zanzibar, lilitoka jarida la *Msimulizi* kuanzia mwaka 1888, na Magila, hapo Muheza, likatoka *Habari za Mwezi* katika miaka ya 1890. Walutheri walikuwa na kiwanda chao cha uchapaji Vuga, Usambara. Vingi vilivyotoka humo vimo majumbani, katika masanduku ya mabati, vikipigana na mchwa na unyevu.

Kimoja kilitufikia kikiwa kimefungwa katika kanga: katekisimu ndogo ya Vuga, karatasi zake za rangi ya chai, uzi wake umekatika, haina mwaka wala jina la mwandishi. Juu ya jalada la ndani mtu aliandika kwa penseli jina lake na "1957", hivyo tulijua tu kwamba haikuchapwa baada ya hapo. Tuliomba ruhusa kwa wenye kanisa hata hivyo, kwa kuwa heshima haigharimu kitu. Hatukukata mgongo wa kitabu, kama wengine wanavyofanya ili mashine ifanye kazi haraka; tulikilaza juu ya mto wa maharage, tukakipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, tukahifadhi picha za asili zisizobanwa, kisha tukatengeneza nakala nyepesi ya kusomea.

Kazi ngumu ilianza programu ya kutambua maandishi ilipopita. Herufi "m" iliyochakaa iliisoma kama "r" na "n", basi "nyumba" ikawa "nyurnba" na "mkombozi" akawa "rnkombozi". King'ong'o cha "ng'" kilipotea, "ng'ombe" akabaki "ngombe". Kwa macho ya binadamu ni makosa madogo. Kwa mashine ya kutafutia, kitabu cha katekisimu kisichokuwa na neno "mkombozi" hata mara moja ni kitabu kisichohusu wokovu. Magazeti ya Kijerumani ya wamisionari wa Usambara ni balaa zaidi, kwa sababu yalichapwa kwa herufi za kale ambamo "s" ndefu hufanana na "f". Hakuna dawa ila mtu kuketi na kusahihisha, na sisi tuna akina dada wawili wenye macho makali wanaofanya hivyo kila Jumamosi.

Katalogi nayo ina mambo yake. Mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba, umeupa Ukristo karibu namba zote za 200, na Uislamu umepewa 297; katika mji kama Tanga, ambao adhana huamsha kila mtu, mpangilio huo unachekesha, nami nimewahi kuombwa na ustadhi jirani nimweleze sababu yake, nikashindwa kuitetea. Shida ya kila siku, hata hivyo, iko katika majina. Mkatoliki huandika Agostino, Mlutheri huandika Augustino. Mmoja hutafuta Ekaristi, mwingine Chakula cha Bwana, wa tatu Meza ya Bwana, na Mwanglikana huenda akaandika Ushirika Mtakatifu. Wote wanne wanataka rafu moja. Hata theolojia yenyewe huandikwa pia teolojia na thiolojia. Tulitumia karibu mwaka mzima kuunganisha majina hayo, na ningeanza upya leo, ningeanza na kazi hiyo kabla ya kupiga picha hata ukurasa mmoja. Zaburi pia tumezijengea daraja: anayesoma mahubiri ya Augustino kwa Kilatini atamkuta mchungaji mwema katika Zaburi ya 22, kwa hesabu ya Septuaginta na Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, wakati katika Biblia zetu nyingi ni ya 23.

Mitambo nitaitaja kwa ufupi. Kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa sabuni ya kufulia inatoa Wi-Fi yake yenyewe bila intaneti, mtu anaketi barazani na kupakua bila kugusa bando. Nakala zinakaa katika diski tatu, mojawapo ikiwa Lushoto, kwa sababu diski ya kwanza iliuawa na umeme uliorudi kwa kishindo, na chumvi ya bahari hii haina huruma na chuma.

Wiki iliyopita yule katekista wa Maramba alikuja tena. Nilimwonyesha katekisimu ya Vuga iliyokamilika, akausoma ukurasa wetu wa mbele kimya, akafika penye maneno "mwaka haujulikani, si baada ya 1957", akaniambia kwamba marehemu babu yake alikuwa nayo kama hiyo na kwamba atatazama kwenye sanduku kama ina mwaka. Kisha akainua simu yake.

"Kina MB ngapi, mwalimu?"

Sita.