Je, wajua kwa nini pesa ya Roth inaweza kutozwa kodi mara mbili?

Akaunti ya Roth ya Marekani, aina mojawapo ya IRA (akaunti ya mtu binafsi ya akiba ya uzeeni), iliyoanza mwaka 1998 na kupewa jina la Seneta William Roth wa Delaware, ina utamu wake: unaweka pesa iliyokwisha kukatwa kodi, na ukistaafu unaichukua pamoja na faida yake bila kukatwa tena. Ila wenye kipato kikubwa hawaruhusiwi kuichangia moja kwa moja. Kwa mwaka 2025, asiye na ndoa akifikisha dola 165,000 ameshatoka. Kuhamisha pesa kutoka IRA ya kawaida, ambayo kwa kawaida hukatwa kodi unapoitoa, kwenda Roth, hata hivyo, hakuna kikomo cha kipato tangu 2010. Ndipo watu wakapitia mlango wa nyuma: weka dola 7,000 kwenye IRA ya kawaida bila kudai nafuu ya kodi (yaani bila kuziondoa kwenye kipato kinachotozwa kodi), kisha zihamishe. Ni halali kabisa.

Kizaazaa huja mwaka unaofuata, kampuni inayotunza akaunti inapokutumia Fomu 1099-R. Kisanduku cha 1 kinasema zimetoka dola 7,000. Kisanduku cha 2a, cha kiasi kinachotozwa kodi, mara nyingi kinarudia 7,000 hizo hizo. Kampuni haijakosea. Haijui kama ulidai nafuu au la, ndiyo maana huweka alama kwenye 2b, kuonyesha kwamba kiasi cha kodi hakijabainishwa. Ajuaye ni wewe, na pa kusemea ni Fomu 8606: sehemu ya kwanza unaeleza mchango usio na nafuu, ya pili unaeleza uhamisho. Hapo ndipo kwenye Fomu 1040, yaani ritani yako ya mwaka, mstari wa 4a utasoma 7,000 na 4b sifuri, au vijidola vichache kama pesa ilizaa kabla ya kuhamishwa. Usipoijaza, mamlaka ya kodi, IRS, haina namna ya kujua kuwa pesa hiyo ilishakatwa, nawe unalipa tena.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni salio la zamani. Sheria huzihesabu IRA zako zote za kawaida, pamoja na SEP na SIMPLE (aina za IRA za waajiri na waliojiajiri), kama chungu kimoja. Tuseme una dola 63,000 za zamani ambazo hazijawahi kukatwa kodi, ukaongeza 7,000 mpya na kuhamisha 7,000. Huwezi kusema umehamisha zile mpya tu. Zilizokatwa kodi ni asilimia 10 ya chungu, basi 700 zinapita bure na 6,300 zinaingia kwenye kipato chako. Kinachoangaliwa ni salio la Desemba 31 ya mwaka wa uhamisho. Pesa ya 401(k), mpango wa akiba ya uzeeni unaotolewa na mwajiri, haihesabiwi, na kwa hiyo wajanja huzisogeza zile za zamani huko kabla ya tarehe hiyo, mpango wa mwajiri ukikubali.

Tarehe nazo huchanganya. Mchango wa 2024 uliowekwa Machi 2025 huandikwa kwenye 8606 ya 2024, lakini uhamisho uliofanywa siku chache baadaye ni wa 2025. Aliyesahau fomu anaweza kuipeleka baadaye. Faini ni dola 50, isipokuwa awe na sababu ya msingi. Na wanandoa, hata wakijaza ritani moja, kila mmoja hujaza 8606 yake, kwa kuwa IRA haimilikiwi na watu wawili.