Je, wajua kwa nini maji matupu hutoboa slivu za injini ya lori?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ni dawa ya nchi za baridi. Huko Ulaya maji huganda na kupasua bloki ya injini, ilhali kati ya Dar es Salaam na Tunduma hayagandi; kwa hiyo, nilidhani, maji safi ya bomba yanatosha. Madereva wengi bado wanashikilia hivyo, na sehemu ya hoja yao ni ya kweli: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli, kimiminika kilicho kiini cha kulanti. Glikoli huzuia kuganda na hupandisha kiwango cha kuchemka, jambo lenye maana hata kwetu, kwa kuwa Mbeya, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lakini kosa langu lilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Nilidhani kulanti inahusu joto peke yake, kumbe katika injini kubwa ya dizeli kazi yake nzito ni kuulinda ukuta wa chuma usitobolewe na viputo.

Malori mengi makubwa hutumia slivu za maji, yaani mitungi ya chuma inayochomekwa ndani ya bloki, pistoni ikipita ndani yake na maji yakiigusa moja kwa moja kwa nje. Injini nyingi ndogo za petroli hazina muundo huo, ndiyo maana mwenye gari dogo anaweza kutumia maji kwa muda mrefu akaona kutu tu, asione tundu.

Kila mafuta yanapowaka, pistoni husukumwa chini na wakati huohuo hugonga ubavu wa slivu, nayo slivu hutetema kama kengele. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huwaka mara 750 kwa dakika katika kila silinda. Slivu inapojivuta ghafla, maji hayawahi kuifuata. Fikiria mkulima wa mpunga anayechomoa mguu haraka kutoka kwenye tope: kwa kufumba na kufumbua huachwa shimo tupu, kisha tope hurudi na kulifunga kwa kishindo. Kwenye slivu, shimo hilo ni kiputo kidogo mno cha mvuke. Kikiwa karibu na ukuta hakifungiki sawasawa, bali upande ulio mbali na chuma hubonyea kwanza na kurusha mchirizi mwembamba wa maji ukutani, kwa kasi ambayo maabara zimeipima kupita mita 100 kwa sekunde. Wataalamu bado wanajadili ni madhara kiasi gani hutokana na mchirizi huo na kiasi gani hutokana na wimbi la mshindo. Ajabu ni kwamba hesabu ya viputo hivi ilifanywa na Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1917, kwa ajili ya rafadha za meli zilizokuwa zikiliwa vivyo hivyo.

Kutu huenea ovyo, lakini vishimo hivi mara nyingi hujipanga kwa mstari wima upande ambao pistoni huegemea. Vikipenya, maji huingia kwenye silinda au kwenye oili.

Kulanti ya malori haizuii kipigo. Kemikali iliyomo iitwayo nitriti, mara nyingi pamoja na nyingine iitwayo molibdeti, hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Kiputo huubandua utando, nao hujengeka upya, kama mwenye nyumba anayepaka chokaa kila mvua inapoosha ukuta. Chokaa ya kwenye ndoo hupungua. Rejeta inaweza kuwa imejaa hadi juu huku kinga imekwisha, na ndiyo sababu kuna vikaratasi vya kupimia nitriti. Kuizidisha nako ni kosa, kwani dawa ikipita kiasi huganda na kuziba njia. Kulanti nyingine hutumia asidi za kikaboni badala ya nitriti, na hizo hupimwa kwa njia yake.

Rangi isikuongoze, kwa maana haina kanuni moja kati ya watengenezaji. Soma kitabu cha injini, na pale kinapotaja kiwango cha ubora kama ASTM D6210, kile cha kulanti za injini nzito, kitafute kwenye lebo ya dumu. Changanya na maji yaliyotoneshwa, si ya kisima chenye chumvi. Kifuniko cha rejeta kisichoshika mgandamizo kibadilishwe, kwa kuwa mgandamizo ukishuka viputo huzaliwa kwa urahisi zaidi. Na kila unapoongeza maji matupu njiani, unaipunguza nguvu ile chokaa iliyobaki ndooni.